Daftari la Igombe

Mama ameandika kwa penseli, miaka miwili na robo,
safu mbili tu: ya juu, ya chini.
Bei ya ndoo ya dagaa, alfajiri mpaka magharibi,
na magamba yamekaukia kati ya kurasa.

Mimi nanakili tarakimu zake chumbani Mabatini,
juu ya jabali, mlango wazi,
tokeni imebaki uniti tatu.
Programu yangu ya kwanza ilinichekesha:
kila siku imejengwa kutoka sifuri kama ghorofa,
kana kwamba kuna asubuhi Igombe
ndoo iliwahi kutolewa bure.
Nikafuta. Nikaiambia mashine:
anzia pale bei ilipogusa chini,
ishia pale ilipogusa juu,
kwingine kote usiguse.

Zikasimama fito, mia sita na kitu,
nyembamba, zinaning'inia hewani
kama za kichanja kisichofungwa kamba.

Ufito mrefu kuliko wote ni wa tarehe nne Aprili.
Thelathini na nane elfu saa moja asubuhi,
tisa elfu saa kumi jioni.
Katikati ya hapo mvua ilishuka
dagaa wakiwa bado mchangani.
Wastani, ishirini na tatu elfu na mia tano,
haukuingia mfukoni mwa mtu yeyote siku ile.

Kuna siku nyingine sikuiona kabisa.
Nikadhani nimeruka mstari, nikarudi daftarini: ipo.
Mnunuzi alikuwa mmoja, Lugembe wa fuso la bluu,
akataja bei moja tangu kucha hadi kuchwa.
Juu kumi na mbili, chini kumi na mbili,
na ufito usio na urefu haupakiki rangi.
Soko zima lilikuwepo, halikuonekana.
Ikabidi niongeze unene wa nukta mbili
ili hata siku ya Lugembe iache alama.

Halafu yale mapengo.
Siku tano, siku sita, kurasa tupu.
Mashine, kwa adabu yake, ilijaza sifuri,
zikatokea nukta chini kabisa ya chati
kama sisimizi wamefuata sukari sakafuni.
Nikaifundisha polepole:
tupu isome tupu.
Mtu asiyekuja sokoni hajauza kwa sifuri.

Nikasogeza kiti nyuma.
Mapengo yanakuja kwa hatua moja, mwezi baada ya mwezi,
upana karibu uleule,
na mimi mtoto wa ziwani
nikachukua dakika nzima kuelewa:
ni mbalamwezi.
Karabai haishindani nayo. Mitumbwi hupandishwa,
nyavu hushonwa, wanaume hudaiana.
Hakuna aliyeandika neno mwezi humu ndani,
naye kaingia, kila siku ishirini na tisa,
akaketi mahali pake peupe.

Pengo moja limekataa hesabu.
Kumi na tisa Oktoba, giza totoro, dagaa tele,
jana yake kuna ufito, kesho yake kuna ufito.
Nikampigia. Alikuwa akigeuza dagaa,
nasikia reki inakwaruza mchanga.
"Kumi na tisa? Si ndiyo ulipanda basi la Dodoma.
Nilikuwa stendi Nyegezi, nyuma ya vibanda vya chipsi.
Ulikuwa unacheka na wenzio,
nikaona nisikuharibie."
Kisha akauliza kama nimekula.

Pengo nimeliacha lilivyo.
Ila ndani ya programu, mstari wa arobaini na moja,
nimetia alama ya reli,
ile ambayo mashine ikiikuta hupita bila kusoma,
na mbele yake nikaandika,
kwa herufi ndogo, ninachokijua sasa.